Mbavu za ng'ombe za kuchoma nyumbani: vipi ziwe laini bila ya kuungua?

Mkaazi wa Chake Chake

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenishinda mara tatu sasa. Mwezi uliopita nilitazama video ya mpishi mmoja wa Marekani akichoma mbavu za nguruwe, na ingawa nyama hiyo sisi hatuili, nilivutiwa mno na ulaini wake: aliushika mfupa kwa vidole viwili akauvuta, nao ukatoka mweupe, nyama ikabaki sahanini. Nikajiambia kwamba hapana sababu ya mbavu za ng'ombe wetu kushindwa kufika hapo.

Mara ya kwanza nilinunua kilo 2, nikazitia chumvi, thomu, tangawizi, pilipili manga na ndimu, nikaziacha usiku kucha, kisha nikazitandaza juu ya wavu wa seredani yenye makaa mekundu. Baada ya dakika 20 zilikuwa nyeusi kwa nje, na kwa ndani zilikuwa zikivutika kama mpira. Mara ya pili nikapunguza makaa, zikakaa motoni saa moja na nusu, zikatoka kavu kama ubao. Mara ya tatu nikafuata ushauri wa jirani, nikazipaka papai bichi tangu usiku. Siku ya pili nyama ya juu ilikuwa kama uji na ya chini yake ngumu vile vile. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, alitafuna kwa heshima kubwa bila ya kusema neno, jambo lililoniuma kuliko kama angesema.

Nina seredani mbili, jiko dogo la gesi na sufuria za kawaida. Oveni sina. Naomba mnieleze kosa liko wapi: katika nyama, katika moto, au katika viungo?

Muuza Nyama, Unguja Mjini

Waalaykum salaam dada yangu. Mimi si mpishi, lakini mbavu zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi, na nahisi kosa lako la kwanza lilitokea kabla hujawasha makaa.

Ng'ombe wetu wengi ni wa kienyeji, wenye nundu, waliokwenda malishoni kwa miguu yao kwa miaka kadhaa kabla ya kuchinjwa. Mnyama aliyetembea sana na kukua sana huwa na kano na utando mgumu zaidi, na mbavu ni mahali ambapo nyama na utando vimepandana kama kurasa za msahafu. Hao nguruwe uliowaona kwenye video huchinjwa wakiwa na umri wa miezi sita hivi, tena wamefugwa ndani na kunenepeshwa. Kwa hivyo usiipime nyama yako kwa saa ya mtu mwengine.

Pili, sisi huuza asubuhi nyama iliyochinjwa alfajiri, na wateja huipenda kwa sababu ni mbichi kweli kweli. Kwa mchuzi au supu hakuna neno. Kwa kuchoma, hata hivyo, nyama ya ng'ombe hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na huanza kulegea tena baada ya siku moja au zaidi. Ukiinunua saa mbili asubuhi na kuichoma mchana, unaichoma wakati ule ule ambao imekaza. Ikiwa una friji, iweke humo kwa siku moja au mbili, ndani ya bakuli lililofunikwa, ndipo uitie motoni. Usiitie kwenye barafu mara tu unapofika nyumbani ilhali bado ina joto la mnyama, kwani itakaza zaidi na haitarudi.

Tatu, mwambie anayekukatia asizipasue kwa shoka kama mbavu za supu. Akupe kipande kizima chenye mbavu nne au tano, zile za mbele zilizo karibu na kidari, ambako mnofu ni mnene na shahamu imeingia kati ya nyama. Mbavu za nyuma ni nyembamba, na mara nyingi nyama yake nzuri imeshaondoka na sarara. Na ukifika nyumbani utaona upande wa mifupa una ngozi nyeupe inayong'aa. Ingiza ncha ya kijiko chini yake, ikinyanyuka ishike kwa kitambaa kikavu uivute. Ngozi hiyo hailainiki kwa kuchoma hata ukikesha nayo, na tena huzuia chumvi isipenye.

Mpishi wa Nungwi

Nakubaliana na kaka hapo juu, na nitaongeza la moto, kwa sababu ndilo ninalolifanyia kazi. Katika hoteli za wageni nimewahi kufundishwa kupika mbavu hizo za nguruwe, na ingawa mimi mwenyewe siziweki mdomoni, kanuni yake nimeichukua na kuipeleka kwenye ng'ombe na mbuzi nyumbani kwangu. Isitoshe, hata huko Marekani si wote wanaoshikilia nguruwe: jimbo la Texas linasifika kwa mbavu za ng'ombe.

Kanuni yenyewe ni hii. Kinachoifanya nyama ya mbavu iwe ngumu ni kolajeni, yaani ule utando na kano alizozitaja kaka. Kolajeni haiyeyuki kwa moto mkali wa haraka. Huanza kugeuka kuwa jelatini, kile kitu kinachoganda juu ya supu ikipoa, pale nyama inapofika joto la nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mnofu nao una tabia ya kinyume: kadiri unavyopata joto ndivyo unavyojikunja na kutoa maji yake. Kwa hivyo mbavu zako za mara ya pili, zilizokaa saa moja na nusu, zilikuwa zimefika mahali pabaya kuliko pote: maji yameshatoka, na kolajeni bado haijayeyuka. Lau ungeendelea kwa saa mbili nyengine kwa moto mdogo na penye unyevu, zingelainika. Wengi huishia hapo hapo, wakaitupia nyama lawama.

Wapishi wa Marekani huziweka mbavu katika jiko lenye mfuniko, makaa yakiwa upande mmoja na nyama upande mwengine, hewa ya ndani ikiwa na nyuzi 107 hadi 120. Wengi wao, mbavu zikishapata rangi ya moshi, huzifunga katika karatasi ya foili zikajipika kwa mvuke wake, kisha huzifungua mwishoni na kuzipaka sosi. Za nguruwe huchukua saa tano au sita, na za ng'ombe zilizo nene hupita hapo. Ukiwa na kipimajoto, ya ng'ombe huwa tayari ndani ikifika nyuzi 95 hivi. Asiye nacho atumie kijiti cha mshikaki: kikipita kati ya mifupa bila ya kukwama, na nyama ikiwa imerudi nyuma kwenye ncha ya mfupa kiasi cha sentimita moja au mbili, imeiva.

Kuhusu papai, jirani yako hakukosea dawa, alikosea kipimo. Utomvu wa papai bichi una papaini, ambayo hukata nyuzi za nyama, lakini haipenyi mbali. Ukiiacha usiku kucha hula tabaka la juu tu na kuliacha kama ulivyoliona. Vijiko viwili vikubwa vya papai lililosagwa kwa kilo moja, kwa muda wa saa mbili, vinatosha, tena nyama ifutwe kabla ya kupikwa. Mimi kwa mbavu zinazopikwa polepole situmii kabisa, maana muda wenyewe unafanya kazi hiyo. Papai naliachia mishkaki, ambayo haikai motoni zaidi ya dakika 10.

Chumvi ndiyo inayostahili kulala na nyama usiku kucha. Kwa kilo 2 tia kijiko kikubwa kimoja na nusu. Ndimu usiitie usiku, itie saa moja kabla ya kupika, kwani ukali wake ukikaa muda mrefu huifanya nyama ya juu iwe ya unga unga.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Wanangu, nimesoma yote na nimefurahi, ila nashangaa kwamba mmekwenda hadi Texas kutafuta jiko ambalo liko jikoni mwenu. Mkate wa kumimina mnaupika vipi? Si sufuria, mfuniko, makaa juu na makaa chini? Basi hiyo ndiyo oveni, na mama zetu walikuwa nayo kabla ya hizo za umeme kuingia Mji Mkongwe. Mbavu hupikwa vivyo hivyo, isipokuwa makaa yanapungua na saa zinaongezeka.

Mimi hufanya hivi. Nachukua sufuria nzito, pana, yenye mfuniko bapa wenye ukingo ili makaa yasimwagike. Chini yake napanga vipande vinene vya bua la jani la mgomba, ili nyama isiguse sufuria, kisha namimina kikombe kimoja cha maji pamoja na tangawizi iliyopondwa. Mbavu zilizolala na chumvi, thomu, pilipili manga, bizari nzima iliyokaangwa na kutwangwa, na mdalasini kidogo, nazilaza juu ya mabua hayo, upande wa mfupa ukiwa chini. Juu yake nafunika jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea, ndipo mfuniko.

Sasa sikiliza vizuri habari ya makaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu. Chini weka makaa machache yaliyokwisha kushika na uyafunike kwa jivu lake mwenyewe, na juu ya mfuniko yapalie mengine machache, yaliyotawanywa, si rundo. Ukiweka mkono juu ya makaa ya mfuniko, mbali kiasi cha upana wa kiganja, uweze kuhesabu polepole mpaka nane au tisa kabla ya kuuondoa. Ukiuondoa kwa tatu, moto ni wa mkate, si wa mbavu. Seredani yako ya pili iwe pembeni, ndiyo ya kuwashia makaa mapya, kwa sababu utahitaji kuongeza kila baada ya nusu saa hivi. Ukitia makaa mabichi moja kwa moja, yatatoa moshi mchungu na joto litapanda na kushuka. Baada ya saa moja na nusu tazama maji mara moja tu, uongeze nusu kikombe cha maji ya moto ikiwa yamekauka, kisha funika wala usichungulie tena. Kila unapofunua unakimbiza mvuke na kujipunja robo saa.

Kwa mbavu za ng'ombe mimi hukaa saa tatu na nusu, na kwa ng'ombe mkongwe nne. Zikishalainika nazitoa taratibu kwa sinia, maana zimelegea na huweza kukatika, naziacha zipoe kidogo zishikane, kisha nazipeleka juu ya wavu wa seredani yenye makaa mekundu kwa dakika tano kila upande. Huko ndiko zinakopata rangi na harufu ya kuchomwa. Kazi ya kulainisha imeshamalizika ndani ya sufuria, na wavu ni kwa ajili ya ladha tu.

Mwenye haraka achemshe. Najua mpishi wa Nungwi atakunja uso, lakini ukizipwaza mbavu kwa tangawizi, thomu na chumvi kwa saa mbili, au dakika 40 katika sufuria ya presha, kisha ukazichoma, utakula nyama laini. Watu husema ladha yote imebaki majini. Na iwe imebaki majini! Maji hayo ni supu. Yakamulie ndimu na pilipili, unywe na chapati wakati mbavu ziko kwenye wavu, kisha uniambie ni ladha gani iliyopotea.

Na tafadhali, nyie mnaoishi katika nyumba zetu za mjini zisizo na ua: msiiweke seredani chumbani mkafunga madirisha kwa ajili ya upepo. Hewa ya makaa haina harufu na imekwisha kuua watu. Pandeni darini palipo wazi, au kaeni uwanjani.

Mpishi wa Nungwi

Bi Mkubwa, sikukunja uso, nimecheka. Hoja ya supu sina jawabu lake. Ninachoshikilia ni kwamba nyama iliyokaa ndani ya maji mengi hutoa viungo vyake, na ukiichoma baadaye inakuwa na ladha juu tu. Katika njia yako ya juu na chini maji ni kikombe kimoja, nyama haiogelei, ndiyo maana naiona bora kuliko zote zilizotajwa hapa, pamoja na ile yangu ya hotelini.

Nimebakiwa na kitu kimoja tu nami nikitoe: sosi ipakwe mwishoni, dakika zile za wavu, kwa sababu chochote chenye sukari huungua haraka na kuwa kichungu. Nadhani nje nyeusi ya mara ya kwanza ilitokana na makaa makali pamoja na vipande vya thomu vilivyokuwa vimegandana na nyama, navyo huungua mapema. Sosi yangu ya nyumbani ni ukwaju. Rojorojo la ukwaju kikombe kimoja, tende sita zilizorowekwa na kusagwa, thomu, pilipili mbuzi moja, chumvi, na maji kidogo ya sufuria ile ya mbavu baada ya kuengua mafuta. Vichemke hadi kijiko kikipita kiache njia. Paka mara mbili, kila mara ukiacha ikauke juu ya moto kabla ya kugeuza.

Mkulima wa Wete

Nami naomba kuingilia kwa maswali mawili. Mbavu za mbuzi zinafuata saa hizo hizo? Na je, ni vyema kutia makonyo ya karafuu, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, juu ya makaa ili kupata moshi wenye harufu? Kwetu msimu ukipita yapo mengi, na yale yasiyopelekwa kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta hubaki uani.

Mpishi wa Nungwi

Mbuzi hapana, saa zake ni chache. Mbavu zake ni nyembamba na shahamu yake haikuingia ndani ya mnofu bali imekaa juu, kwa hivyo hukauka upesi. Mbuzi mchanga saa moja na nusu inatosha, beberu mzee mbili na nusu. Kwa mbuzi jani la mgomba ni la lazima, na zifungwe nalo pande zote, si kufunikwa juu tu.

Makonyo nilijaribu mara moja. Yana mafuta yale yale yanayotiwa kwenye jino linalouma, na wageni wangu walikula huku ulimi umekufa ganzi. Ukipenda harufu hiyo, tia mawili matatu ndani ya maji ya sufuria na uyatoe, lakini juu ya makaa usiyatie. Kwa moshi tumia kijiti kikavu cha muembe. Makumbi ya nazi nayo hayafai, moshi wake ni mzito na huacha uchungu, ingawa makaa ya vifuu ni mazuri sana kwa ile hatua ya wavu kwa kuwa yana joto kali na la haraka.

Mkaazi wa Chake Chake

Nimerudi na habari, na kwanza nawashukuru nyote. Nilinunua kipande kizima cha mbavu tano siku ya Alkhamisi, nikakiweka frijini hadi Jumamosi, nikauvua ule utando (ulitoka vipande vipande, si kwa mara moja kama alivyosema kaka), nikatia chumvi usiku, na Jumapili nikafuata njia ya Bi Mkubwa hatua kwa hatua kwa saa tatu na nusu. Kijiti kilipita bila ya kukwama. Sosi ya ukwaju na tende niliipaka mara mbili, na mume wangu alikwangua iliyobaki kwenye sufuria kwa kipande cha mkate.

Mama mkwe alikuja tena. Safari hii alisema, na alichosema ni kwamba viungo ni vizuri ila bizari imezidi. Nimelipokea.

Tatizo lililobaki ni moja. Mbavu tatu za katikati zilikuwa kama nilivyotaka, mfupa ulitoka peke yake, lakini mbili za pembeni zilikuwa ndefu, ncha zake ziligusa jani chini ya mfuniko, na hapo nyama iliungua na kuwa ngumu kama gamba. Chini hakukuungua kabisa. Je, nipunguze makaa ya juu?

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Usiyapunguze, mwanangu, utachelewesha nyama yote kwa ajili ya ncha mbili. Ziwazie mbavu kabla hujaziwazia sufuria: mwambie muuzaji azipunguze urefu kwa msumeno mpaka zilale bila ya kusimama popote, na kati ya nyama na mfuniko pabaki nafasi ya vidole vitatu. Ikiwa ameshakukatia ndefu, funga majani mawili badala ya moja, na makaa ya juu yapange kwenye ukingo wa mfuniko kwa duara, katikati na juu ya ncha pabaki patupu. Na bizari, kwa kilo 2, ni kijiko kidogo kimoja kilichotwangwa. Wewe ulitia ngapi?

Mkaazi wa Chake Chake

Vitatu. Vikubwa.